Kuhesabu Siku: Tuwaeleze Vijana Vizuri

Musichana wa huku kwetu Kasongo ama Kabambare anapotuuliza habari za mwili wake, mara nyingi tunamujibu: «Hayo ni mambo ya watu wakubwa.» Basi anawauliza rafiki zake, nao wanamwambia: «Mimba inapatikana katikati ya mwezi tu, siku nyingine usiogope.» Kisha tunashangaa tukiona tumbo.

Tupime maneno hayo. Kweli, yai la mwanamuke likiisha kutoka linaishi siku moja tu. Lakini linatoka karibu siku 14 mbele ya damu itakayofuata, na nani anajua hakika siku ya damu itakayofuata? Mwenye siku 28 toka damu mupaka damu, yai lake linatoka karibu siku ya 14. Mwenye siku 35, siku ya 21. Mwenye siku 22, siku ya 8. Tena mbegu ya mwanaume inaweza kuishi ndani ya mwanamuke mupaka siku 5. Basi huyu wa siku 22 akilala na kijana siku ya 4, damu haijakauka vizuri, anaweza kupata mimba. Na musichana mudogo siku zake hazijatulia bado: mara 24, mara 40. Hata yule asiyeona damu bado anaweza kupata mimba, kwani yai linatangulia damu.

Na mifupa ya kiuno chake haijakomaa. Uchungu ukikawia siku mbili tatu, mutoto anaweza kufa, na mama kubaki akitokwa na mukojo bila kuweza kuuzuia. Wagonjwa wa namna hii wanatunzwa Panzi, huko Bukavu. Nanyi munajua njia ya kutoka Kabambare mupaka Bukavu.

Mutaguso wa Vatikano, mwaka 1965, ulitaka vijana wafundishwe mambo haya kwa busara, kadiri ya umri wao. Sisi tuliyasoma seminarini kwa Kifaransa. Kwa Kifaransa hatuoni haya!

Lakini tusiwatishe kwa uongo. Wengine wetu wanasema vidonge vya kuzuia mimba vinaua uzazi milele. Si kweli: mwenye kuviacha, uzazi wake unarudi. Kanisa lina sababu zake za kuvikataa, nazo hazihitaji uongo wetu. Kijana akivumbua uongo mumoja, hatatusikiliza tena tukimufundisha usafi wa moyo.

Katekista asifanye somo hili peke yake. Amwite mama muuguzi wa kituo cha afya. Wavulana nao wakae humo. Wengi wao hawajasikia habari ya zile siku 5.