KARIAKOO: KANDO YA BARABARA NI MALI, LAKINI NI YA NANI?

Mfanyabiashara anayetafuta fremu Kariakoo, Dar es Salaam, huuliza jambo moja kabla ya kuuliza kodi: fremu inatazama mtaa gani? Iliyo kwenye mtaa wenye watu wengi hupangishwa kwa bei ya juu, na mara nyingi mpangaji hutakiwa kutoa kilemba. Iliyo ghorofani, hata ikiwa kubwa zaidi, hupungua thamani kwa kila ngazi ambayo mteja atalazimika kupanda.

Hesabu hiyo haiishii mlangoni. Njia ya waenda kwa miguu iliyo mbele ya fremu nayo ina thamani, tena pengine kuliko fremu yenyewe, kwa sababu mteja huipita kabla hajafika dukani. Tofauti ni kwamba kipande hicho hakina hati wala mkataba. Ndiyo maana kila mtu hukidai: mwenye duka, machinga, mwenye mkokoteni, dereva anayeshusha mzigo, na mpita njia ambaye kimejengwa kwa ajili yake.

Mitaa ya zamani, mzigo mpya

Mitaa ya Kariakoo imenyooka na kukatana kama mistari ya daftari la hesabu. Mpango huo ulianza wakati wa Wajerumani na kuendelezwa na Waingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Jina lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza. Viwanja vilipimwa kwa ajili ya nyumba za chini za makazi, na uwanja wa wazi wa Mnazi Mmoja ukaachwa kutenga Uhindini na makazi ya Waafrika.

Leo nyumba hizo nyingi zimegeuka maghorofa yenye fremu chini na stoo juu. Bidhaa zinazoshushwa hapo huenda mikoani na hata nchi jirani. Hata hivyo, upana wa mitaa mingi umebaki ule ule. Mzigo umeongezeka, watu wameongezeka, lakini mahali pa kukanyaga hapakuongezeka.

Aliyefikiria juu ya miguu

Mbunifu mmoja alilitazama tatizo hilo mapema. Soko kuu la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975, lilichorwa na msanifu majengo Mtanzania Beda Amuli. Paa lake ni la miavuli mikubwa ya zege inayotoa kivuli na kupitisha hewa, na pia kukusanya maji ya mvua. Biashara ya jumla ilipewa nafasi chini ya ardhi, sehemu inayojulikana kama Shimoni, na rejareja ikabaki juu, karibu na mtaa. Mteja wa fungu la nyanya hakulazimika kupanda ghorofa kulitafuta.

Soko hilo liliungua Julai 2021, na kazi ya kulikarabati pamoja na kujenga jengo jipya kando yake ikaanza mwaka uliofuata. Funzo la ramani ya kwanza, hata hivyo, halikuungua.

Jengo bila wateja

Mfano wa upande wa pili hauko mbali. Jengo la ghorofa la Machinga Complex, Ilala, lilijengwa kwa mkopo wa NSSF wa zaidi ya shilingi bilioni 12 ili kuwaondoa wafanyabiashara wadogo barabarani. Lilipokamilika mwaka 2010 lilikuwa na paa, vizimba na ulinzi. Lililokosa ni wapita njia. Kwa miaka mingi vizimba vya ghorofa za juu vilibaki vitupu, mapato hayakutosha kulipa mkopo, na deni likazidi kuumuka kwa riba.

Sababu yake ni ya kibiashara, wala si ukaidi. Mteja wa machinga hakutoka nyumbani kwenda kununua soksi. Anawahi basi, anaziona, anauliza bei, ananunua. Mfano wa kubuni unatosha: machinga anayepata faida ya shilingi 500 kwa kila pea huhitaji kuuza pea 20 ili abaki na shilingi 10,000. Ikiwa katika kila wapita njia 50 mmoja hununua, anahitaji watu 1,000 wapite mbele yake. Mtaani hao hupatikana kabla ya saa sita mchana. Ghorofa ya tatu huenda wasipatikane kwa wiki nzima. Kizimba hata kikiwa cha bure, kwake ni hasara.

Kuondolewa na kurudi

Sera nazo zimeyumba. Desemba 2018 Serikali ilianza kutoa vitambulisho vya shilingi 20,000 kwa wafanyabiashara wadogo ambao mauzo yao hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka, na wengi wakajitandaza barabarani bila hofu ya mgambo. Mwaka 2021 wakaondolewa na kupelekwa maeneo yaliyotengwa. Njia zikapitika kwa muda, kisha meza zikaanza kurudi moja moja.

Wenye maduka wana malalamiko ya haki. Wanalipa kodi ya pango, leseni na kodi ya mapato, halafu mlango unazibwa na meza ya mtu anayeuza bidhaa ile ile kwa bei ya chini. Lakini imekuwa ikilalamikiwa pia kwamba baadhi ya bidhaa zilizo juu ya meza hizo hutoka katika maduka hayo hayo, zikiuzwa nje ili zisipite kwenye mashine ya risiti. Pale inapokuwa hivyo, machinga ni tawi la duka lisilosajiliwa.

Anayebaki bila msemaji ni mpita njia. Mama mwenye mtoto mgongoni hushuka kwenye lami katikati ya bajaji na mikokoteni. Mwenye kiti cha magurudumu hapiti kabisa. Na moto ukizuka, gari la zimamoto hukwama kwenye meza za biashara zilizotakiwa kuokolewa.

Kugawana kwa saa

Wakati ndio bidhaa ambayo miji mingi haijaitumia. Bustani ya Forodhani, Unguja, ni mfano wa karibu. Mchana ni mahali pa kupumzikia. Jioni meza za pweza, mishikaki na urojo hupangwa, wateja hufuata, na usiku ukiisha bustani hurudi kuwa bustani. Bustani hiyo ilipofanyiwa ukarabati mkubwa na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, kazi iliyokamilika mwaka 2009, wauzaji hao walirudishwa na kupangiwa nafasi yao.

Kariakoo nayo ilizindua biashara ya saa 24 mwanzoni mwa mwaka 2025. Hiyo ni nafasi ya kupanga upya: mizigo ishushwe usiku wa manane, mitaa michache ifungwe kwa magari jioni na kugeuzwa gulio, na mchana njia ya waenda kwa miguu ichorwe mstari usiovukwa na meza wala na bidhaa za mwenye duka. Nafasi ya meza iwe na namba, ushuru unaojulikana na risiti.

Ushuru huo hautakuwa mgeni kwa machinga. Anayefukuzwa mara kwa mara tayari hulipa, kwa bidhaa zinazokamatwa na siku zinazopotea. Tofauti ni kwamba malipo hayo hayaingii katika mfuko wa halmashauri wala hayamnunulii uhakika wa kesho. Hadi mita moja ya kando ya barabara itakapopewa bei na masharti, itaendelea kuwa ya atakayewahi asubuhi.