Raba ya turubai au ya ngozi? Masika ya Tengeru ndiyo mwamuzi

JUMATANO na Jumamosi, siku za gulio, Soko la Tengeru huwa halina pa kukanyaga. Ndizi zinashushwa upande huu, nyanya na parachichi upande ule, na pembeni kuna raba za mitumba zimepangwa chini kwa mistari, mithili ya timu mbili zinazosubiri kupigiwa wimbo wa taifa.

Vijana wanainama, wanaokota, wanakunja soli, wananusa ndani, wanarudisha. Wengine wanatoka na wenzao ili wawasaidie kubishana bei. Lakini kabla ya bei kuna ubishi mwingine, nao hauishi: ubebe ya turubai, nyepesi na ya bei poa, au ujikamue uchukue ya ngozi?

Kwa mwenye jozi tano nyumbani, hilo wala si swali. Anavaa kwa kuangalia kumekuchaje. Kazi ipo kwa dogo mwenye uwezo wa jozi moja tu mpaka mwaka uishe. Hiyo hiyo aendee chuo, hiyo hiyo mazoezini, hiyo hiyo akatambe nayo Jumapili. Akichagua vibaya mwezi Februari, Aprili itamuumbua mbele za watu.

MSIMU KWANZA, MTINDO BAADAYE

Tengeru ipo kilomita 13 hivi kutoka Arusha mjini, kwenye barabara ya kwenda Moshi, chini ya Mlima Meru wenye urefu wa mita 4,566. Meru ni mlima wa volkano, na udongo wake ndio unaostawisha migomba na kahawa ya huku. Mkulima anaushukuru. Mwenye raba nyeupe ana lake la kusema.

Udongo huo ukikauka unageuka vumbi laini linaloingia hadi kwenye soksi. Ukilowa unanata chini ya soli, hatua kwa hatua, mpaka mtu anajikuta amerefuka bila kupenda na miguu imekuwa mizito kama amefungwa mawe.

Mwaka wenyewe umegawanyika. Januari na Februari ni jua. Machi hadi Mei ni masika, na Aprili ndiyo yenyewe. Juni na Julai baridi inashuka kutoka mlimani pamoja na ukungu, majani yanabaki na umande hadi asubuhi imesogea. Agosti hadi Oktoba ni zamu ya vumbi, kisha vuli inarudisha mvua kuanzia Novemba.

Ukipiga hesabu, zaidi ya nusu ya mwaka mguu unakutana na maji, ama ya mvua ama ya umande. Anayenunua raba kwa kuangalia rangi peke yake amesahau miezi hiyo.

TURUBAI NI MSHAMBULIAJI WA KIANGAZI

Raba ya turubai ni kitambaa kizito cha pamba kilichogandishwa kwenye soli ya mpira. Mfano unaojulikana dunia nzima ni Converse All Star, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1917 kwa ajili ya wacheza kikapu. Hao walikuwa wanacheza ndani ya ukumbi, juu ya sakafu kavu. Kiatu hicho hakikuzaliwa kwa ajili ya tope la Aprili.

Lakini kwenye jua, raba hii humwambii kitu mtu. Ni nyepesi, kitambaa kinapitisha hewa, mguu hauchemki. Vumbi likiijaa, ni maji, sabuni na mswaki wa zamani, mambo yamekwisha. Ukiifua asubuhi ya Septemba na jua likawa kali, jioni unarudi nayo uwanjani.

Wenye raba nyeupe wana mbinu yao inayojulikana mitaani kote: ikishafuliwa, inazungushiwa tishu nyeupe ikiwa bado mbichi, kisha inaachwa ikauke. Uchafu wa njano unaobaki kwenye maji huishia kwenye tishu badala ya kwenye kitambaa.

Shida yake ni moja, ila ni kubwa. Pamba inakunywa maji. Ukikanyaga dimbwi mara moja, kiatu kinalowa hadi kwenye kidole gumba, na kwa hali ya hewa ya masika kinaweza kukaa siku mbili bila kukauka. Anayekivaa kikiwa na unyevu siku baada ya siku anaalika malengelenge, harufu na fangasi wa vidole. Tope nalo likiingia ndani ya nyuzi, linaacha doa ambalo mswaki hauliwezi.

NGOZI NI BEKI WA MASIKA

Raba za ngozi zilipata jina kubwa kupitia tenisi na kikapu. Katikati ya miaka ya 1960 Adidas ilitengeneza kiatu cha tenisi cha ngozi kwa ajili ya Mfaransa Robert Haillet, kiatu ambacho baadaye kilipewa jina la Mmarekani Stan Smith na kinavaliwa hadi leo, pamoja na watu ambao hawajawahi kushika raketi.

Ngozi inakaba. Maji ya mvua ya kawaida yanateleza juu yake kabla hayajapata nafasi ya kupenya, hasa ikiwa imepakwa mafuta au dawa ya viatu. Tope likikauka linafutwa kwa kitambaa chenye unyevu. Asubuhi ya Julai, ukungu ukiwa umefunika migomba, mguu ndani ya ngozi unabaki na joto lake. Na kadiri unavyoivaa, inajinyoosha kufuata umbo la mguu wako.

Ila nayo ina udhaifu. Ni nzito, na Februari saa nane mchana mguu unachemka ndani yake. Haitaki kuloweshwa kwenye ndoo kama shati. Ikilowa hadi ndani, inachelewa kukauka kuliko turubai. Wanaoiwahisha kwa kuiweka karibu na jiko la mkaa ndio hao wanaoikuta asubuhi imekakamaa na kupasuka.

Dawa ni rahisi. Toa kamba, toa soli ya ndani, jaza magazeti makavu, weka kivulini penye upepo. Magazeti yakilowa, badilisha. Hata hili unalosoma, ukishamaliza kurasa za michezo, linafaa kabisa kwa kazi hiyo. Kiatu kikikauka, kipake mafuta kabla hakijatoka tena.

SI KILA KINACHONG'AA NI NGOZI

Hapa ndipo wengi wanapigwa bao la mapema. Raba nyingi zinazoitwa za ngozi ni za ngozi bandia, yaani plastiki iliyobandikwa juu ya kitambaa. Siku ya kwanza inang'aa kuliko ngozi yenyewe. Baada ya miezi kadhaa ya kukunjwa na kulowa, inaanza kubanduka magamba pale vidole vinapokunjia.

Kuitambua si lazima uwe fundi. Bonyeza kwa kidole: ngozi halisi inatoa mikunjo midogo midogo isiyofanana, bandia inabonyea tu kama mpira. Angalia mahali ilipokatwa, kwenye ulimi au kwenye tundu la kamba: ngozi ina nyuzi nyuzi, bandia inaonyesha tabaka la kitambaa. Kisha nusa. Harufu ya plastiki haijifichi.

SOLI NDIYO INAYOAMUA MECHI

Wakati watu wanabishana kuhusu sehemu ya juu, mechi mara nyingi inaamuliwa chini. Julai 4, 1954, fainali ya Kombe la Dunia ilichezwa mjini Bern, Uswisi, mvua ikinyesha. Hungary, iliyokuwa imeifunga Ujerumani Magharibi mabao 8-3 kwenye hatua ya makundi, ikatangulia kwa mabao mawili. Wajerumani walikuwa wamevaa viatu vya Adi Dassler ambavyo meno yake yanafunguliwa na kubadilishwa, wakafunga meno marefu ya kung'ang'ania uwanja uliolowa. Mechi iliisha 3-2, kombe likaenda Ujerumani. Viatu peke yake havikufunga mabao, lakini hakuna mchezaji anayefunga akiwa amelala kwenye tope.

Raba nyingi za turubai zina soli bapa yenye michoro isiyo na kina. Kwenye sakafu inashika, kwenye udongo wa Meru uliolowa inakuwa sabuni. Raba ya ngozi yenye soli bapa nayo itakuangusha vile vile. Kwa hiyo geuza kiatu kabla ya kuuliza bei. Tafuta mifereji yenye kina. Kunja soli uone kama imeanza kupasuka, vuta ukingo uone kama gundi imechoka. Kwa mtumba, peleka kwa fundi akuzungushie uzi kabla ya Machi. Gundi ya zamani huachia kwenye maji, uzi unavumilia.

Na hakuna kati ya hizo mbili inayochukua nafasi ya njumu kwenye uwanja wa majani uliolowa.

DOGO MWENYE JOZI MOJA

Haya si mambo ya kutamba mtaani tu. Kwa wanafunzi, mchujo wa UMITASHUMTA na UMISSETA ngazi za chini huanza wakati mvua za masika hazijafunga. Kocha anayetafuta winga haulizi kwa nini kijana ameteleza. Anaona ameteleza, anaita mwingine. Kifundo cha mguu kikiteguka siku hiyo, mwaka mzima umekwenda.

Kwa mwenye jozi moja ya kufanyia kila kitu Tengeru, jibu ni ngozi halisi, rangi nyeusi au ya udongo, soli yenye mifereji, iliyoshonwa. Jua litamtoa jasho, lakini jasho halimzuii kutoka nyumbani. Tope linamzuia mwenye turubai.

Asiyefikia bei ya ngozi asijione ameshindwa. Ngozi bandia ya bei ya turubai ndiyo ya kukwepa, maana inachanganya ubaya wa zote mbili: inachemsha mguu kiangazi na inabanduka masika. Bora turubai ya kweli, halafu afanye wanavyofanya madogo wengi wa viwanja vya vijijini: anatembea na yeboyebo kwenye tope, raba imefungwa kwenye mfuko, anafika uwanjani ananawa miguu, anavaa. Kiatu kinaingia mchezoni kikiwa kikavu.

Mwenye uwezo wa jozi mbili asizinunue siku moja. Ngozi inunuliwe Januari au Februari, ivaliwe kidogo kidogo ilainike kabla mawingu hayajafunga. Turubai isubiri Julai mwishoni, vumbi likiwa linakaribia na tope limesahaulika.

Jumamosi ijayo raba zitapangwa tena chini, pale pale. Nyeupe zitawekwa mbele kwa sababu ndizo zinazovuta macho. Kabla hujaokota, inua kichwa kwanza utazame Meru. Ukiona mlima umevaa wingu zito, rudisha nyeupe, sogea mstari wa nyuma.