Pima Kwanza, Iga Baadaye: Modeli ya Transista na Usalama wa Mgonjwa

Mashine ya kupima umeme wa moyo inapochora wimbi refu au fupi, daktari huamini kwamba wimbi hilo limetoka kifuani mwa mgonjwa. Imani hiyo ina masharti yake. Umeme wa moyo unaofika kwenye ngozi ni takribani milivolti 1 tu, na hauna budi kukuzwa mara nyingi kabla ya kuchorwa. Katika mashine nyingi za zamani, sehemu ya kazi hiyo hufanywa na transista moja moja. Transista ikienda kombo, karatasi husema uongo, na uongo huo huhifadhiwa katika jalada la mgonjwa.

Miaka michache iliyopita, mashine ya aina hiyo iliharibika katika wodi niliyokuwa nikihudumu. Transista moja ya kikuzaji iliungua, na ya aina ileile haikupatikana. Mhandisi wa vifaa tiba alipata nyingine inayokaribiana nayo. Kabla ya kuilehemu, aliiga saketi hiyo kwenye kompyuta, na kompyuta ikamwonyesha wimbi safi. Alipokwisha kuilehemu, aliunganisha mashine na kifaa kinachotoa mawimbi bandia ya moyo. Ncha ya wimbi la R ilitoka imekatwa, tambarare kama meza.

“Daktari, kompyuta imenidanganya,” alisema.

“Uliieleza nini kuhusu transista hii, Mhandisi?”

Alinyamaza kidogo. “Sikuieleza kitu. Niliacha namba zilizokuwamo.”

Kwa msomaji asiye mhandisi, jambo hili halikuwa dogo. Urefu wa wimbi la R hutusaidia kutambua kunenepa kwa kuta za moyo kwa mwenye shinikizo la juu la damu. Wimbi likikatwa na mashine, mgonjwa anaweza kurudi nyumbani akiwa ameambiwa kwamba moyo wake hauna dalili hiyo, kumbe inayo.

Programu nyingi za kuiga saketi zina asili yake katika SPICE, iliyobuniwa na Laurence Nagel chini ya profesa wake Donald Pederson katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ndani yake transista huelezwa kwa milinganyo iliyotokana na kazi ya Hermann Gummel na H. C. Poon wa Bell Labs, iliyochapishwa mwaka 1970. Milinganyo hiyo ni ya transista zote za aina hii; kinachozitofautisha ni namba zinazoingizwa ndani yake, yaani vigezo. Vigezo hivyo pamoja na milinganyo yake ndivyo vinavyoitwa modeli.

Mtumiaji asipotoa vigezo, SPICE haigomi. Huweka vyake: ukuzaji wa mkondo, uitwao BF, huwa 100, na IS, mkondo mdogo mno unaobeba tabia ya makutano ya besi na emita, huwa ampea 1E-16, yaani moja iliyogawanywa kwa kumi mara kumi na sita. Huyo ni mgonjwa wa kitabuni, asiyelazwa katika wodi yoyote. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Tulikaa mezani, tukaipima transista yenyewe. Katika joto la nyuzi 27 za Selsiasi, mkondo wa kolekta ulipokuwa miliampea 1, volti kati ya besi na emita ilikuwa 0.65. Kwa namba za kuazima, kompyuta ilitarajia takribani volti 0.77. Besi ya saketi ile ilishikiliwa kwenye volti 1.25, na emita ilikuwa na kikinzani cha omu 600. Kwa hiyo kompyuta ilikadiria mkondo wa miliampea 0.8, ilhali mkondo halisi ulikuwa 1. Robo hiyo iliyozidi ilishusha volti ya kolekta hadi wimbi likakosa nafasi ya kushuka zaidi, likakatwa.

Kutengeneza modeli yetu wenyewe kulihitaji vipimo vitatu. Kwanza, kutokana na volti 0.65 na miliampea 1, tulikokotoa IS: tuligawanya mkondo kwa namba e iliyopandishwa kwa 0.65 chini ya 0.02585, ambayo ni volti ya joto katika nyuzi hizo. Tulipata ampea 1.2E-14. Pili, mkondo wa besi ulikuwa mikroampea 5.5, hivyo BF ni takribani 180. Tatu, tulipopandisha volti ya kolekta kutoka 2 hadi 10, mkondo uliongezeka kutoka miliampea 1.00 hadi 1.08, ongezeko hilo hutoa VAF, volti ya Early, ya karibu 100. Mstari ulioingizwa katika programu ulikuwa huu:

.model MOYO1 NPN (IS=1.2E-14 BF=180 VAF=100)

Uigaji uliporudiwa, kompyuta ilionyesha ncha ileile iliyokatwa. Sasa ilikuwa inasema kweli. Mhandisi alirekebisha vikinzani vya besi kwenye skrini hadi wimbi likakamilika, kisha akafanya vivyo hivyo kwenye saketi.

Hatukushughulikia kapasitansi za ndani ya transista, ambazo SPICE huzifanya sifuri usipozitaja. Mawimbi ya moyo ni ya polepole, nasi huyapima hadi hezi 150 hivi. Kwa mashine ya ultrasaundi, inayofanya kazi kwa megahezi, kuziacha kungekuwa kosa.

Hata modeli iliyopimwa ina mipaka. Transista maarufu ya 2N3904, kwa mfano, huruhusiwa na watengenezaji kuwa na ukuzaji wa kati ya 100 na 300 kwenye miliampea 10. Mbili za mfuko mmoja huweza kutofautiana sana. Aidha, volti ya besi na emita hupungua kwa takribani milivolti 2 kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka. Kwa sababu hiyo tuliiga tena kwa ukuzaji wa chini na wa juu, na kwa joto la wodi isiyo na kiyoyozi.

Sisi matabibu si wageni wa kazi hii. Mwaka 1952 Alan Hodgkin na Andrew Huxley waliueleza utando wa neva ya ngisi kama saketi ya umeme, na vigezo vyao walivitoa katika vipimo vya neva yenyewe. Kazi hiyo ilichangia wao kutunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1963.

Kwa wahudumu wa afya: mashine iliyofunguliwa isirudi kwa mgonjwa kabla mhandisi wa vifaa tiba hajaijaribu kwa mawimbi bandia, akapima usalama wake wa umeme na kuandika matokeo. Kwa wagonjwa: mna haki ya kuuliza mashine ilikaguliwa lini, na kuuliza huko si utovu wa adabu. Mashine yetu ilirudi wodini baada ya wimbi lake kulingana na la kifaa cha majaribio. Kabla ya hapo, nilipitia majalada ya wagonjwa niliowapima katika wiki zilizotangulia kuharibika kwake, na wale niliowatilia shaka niliwaita wapimwe upya kwa mashine nyingine.