Hukumu ya Mombasa mbona haikufika Malaba?

Mwezi uliopita nilikuwa Malaba nikingojea lori letu, lililopakia bandarini Mombasa, livuke mpaka. Foleni ile wasafirishaji wa kwetu wanaijua, sina haja ya kuieleza. Mama mmoja auzaye chai karibu na malori aliposikia lafudhi yangu akaniuliza, "Wewe ni mtu wa Mombasa? Nasikia huko ndiko mahakama iliposema mtu asihukumiwe kifo kwa lazima. Mbona haijamsaidia mwanangu?"

Mwanawe amefungwa kwa wizi wa kimabavu. Kijana wa mtaa wao, mwenye kosa lilo hilo, alirudishwa kortini mwaka 2019, akapunguziwa adhabu, na sasa yuko nyumbani. Faili la mwanawe lilichelewa. Zamu yake ilipofika akaambiwa mlango umefungwa. Mama anaamini kuna mtu alikula hongo. Mimi sikuwepo, siwezi kumwapia, lakini sheria peke yake yatosha kuyaleta hayo.

Sisi, kama Wamarekani, tuliurithi mtindo wa Waingereza: korti ya chini hufuata uamuzi wa korti ya juu yake. Hakimu wa Busia anafungwa na Mahakama Kuu, Mahakama Kuu inafungwa na Mahakama ya Rufaa, na kifungu cha 163(7) cha Katiba kinazifunga zote kwa Mahakama ya Upeo. Lakini jaji wa Mahakama Kuu Mombasa hamfungi jaji mwenzake wa Busia. Huyu wa Busia ataisoma hukumu ile, akiridhika ataifuata, asiporidhika ataiacha. Marekani ni vivyo hivyo: jaji wa shirikisho aliyeko Texas hamwamuru wa California, hadi majaji tisa wa Washington waseme neno.

Sasa kesi zenyewe. Mwaka 1976, katika kesi ya Woodson, majaji hao tisa walikataa sheria ya jimbo la North Carolina iliyolazimisha kifo kwa kila muuaji wa daraja la kwanza. Mwaka 2009 Mahakama ya Upeo ya Uganda ikakataa kifo cha lazima katika kesi ya Susan Kigula na wenzake 417, na haikubagua kosa: mauaji, wizi wa kimabavu, yote. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufaa ilipoketi Mombasa, katika kesi ya Mutiso, ikasema hivyo kwa kosa la mauaji. Hiyo ndiyo aliyoisikia mama.

Aliyokuwa hajasikia ni kwamba mwaka 2013 majaji watano wa Mahakama hiyo hiyo ya Rufaa, katika kesi ya Mwaura, waliipindua. Korti yaweza kujipinga, hilo si ajabu. Marekani ilikubali ubaguzi wa rangi mwaka 1896 ikaja kuukataa katika shule mwaka 1954, na haki ya kutoa mimba iliyotolewa 1973 ikaondolewa 2022. Lakini huko ni miaka 58, na miaka 49. Kwetu ilikuwa mitatu! Mwananchi atashikilia lipi?

Tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Upeo ikaamua kesi ya Muruatetu: kifo cha lazima kwa muuaji ni kinyume cha Katiba. Majaji waliisoma hata ile ya Woodson, ingawa hukumu ya kigeni hapa ni ushauri tu. Magereza yakachangamka. Korti nyingi zikaona kama muuaji amesikilizwa, mwizi je? Zikaanza kuwapunguzia na wa wizi wa kimabavu. Hapo ndipo kijana wa mtaani alipopita.

Kisha tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ya Upeo ikasema imeeleweka vibaya. Kinachofunga katika hukumu ni jambo lililoamuliwa, na lililokuwa mbele yake lilikuwa mauaji peke yake. Anayetaka kupinga kifo cha lazima kwa wizi wa kimabavu aanze na kesi yake Mahakama Kuu, ipande ngazi kwa ngazi.

Kwa kanuni, siwezi kuwalaumu. Ila korti iliyoona kwa miaka mitatu na zaidi watu wakifunguliwa kwa jina lake ingeweza kusema mapema. Wawili wenye kosa moja, mmoja yuko nyumbani na mwingine yuko ndani, tofauti yao ni tarehe ya faili. Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, na mwaka 2016 rais aligeuza hukumu za kifo kuwa kifungo cha maisha, lakini maisha ni maisha.

Mama akanyoosha kidole upande wa pili wa mto. "Kwa hivyo angeshikwa pale?"

Nikamwambia angeshikwa pale, jaji angekuwa na hiari ya kupima adhabu. Ile hukumu ya Kigula haivuki daraja, ila wakili aweza kuibeba mkononi na kumwonyesha jaji wetu.

Akaniomba niandike majina ya kesi kwenye karatasi, ampelekee mwanawe siku ya kumzuru. Nikaandika ya Kenya yote matatu, na ya Uganda chini yake.