Kesi ya Kavumu: ujuzi ambao kijana anayetaka kazi ya sheria hapatiwi na diploma peke yake

Vijana wengi wanaosomea sheria Bukavu, Goma ao Bunia wana ndoto ya kuvaa toga na kusema vizuri mbele ya majaji. Kusema vizuri kunasaidia. Lakini kesi kubwa za jinai za Mashariki mwa Kongo zilishindwa ao kuporomoka muda mrefu kabla ya wakili kusimama, mezani pa yule aliyeandika PV ya kwanza.

Mfano ni Kavumu, mtaani Kabare, jimbo la Kivu Kusini. Tangu mwaka 2013, wasichana zaidi ya 40, wengine hawajafika hata umri wa kuanza shule, walitolewa usiku nyumbani kwa wazazi wao na kubakwa. Kwa miaka karibu mitatu kila tukio lilishugulikiwa peke yake, faili moja moja, na hakuna lililofika mbali. Mambo yalibadilika mwaka 2016, wakati sheria ya kijeshi ilipozichukua kesi na kuzisoma pamoja: wakati uleule wa usiku, namna ileile ya kuingia, kundi lilelile la watu. Mnamo Juni mwaka huo, mbunge wa jimbo Frederic Batumike alikamatwa. Tarehe 13 Desemba 2017, korti ya kijeshi iliyohamia Kavumu kwa ajili ya kesi hiyo ilimhukumu yeye na wenzake 10 kifungo cha maisha, kwa uhalifu dhidi ya binadamu. Rufaa ya Julai 2018 haikubadilisha adhabu hiyo.

Kilichowafikisha hapo ni kazi ya subira. Madaktari wa hospitali ya Panzi waliandika kila jeraha walilokuta. Maelezo ya watoto yalirekodiwa kwa video ili wasirudishwe mbele ya watu kusimulia tena. Mashahidi walisikilizwa wakiwa wamefunikwa, sauti zao zimebadilishwa. Kila moja ya hatua hizo ilihitaji mtu anayejua kumsikiliza mtoto bila kumwekea maneno mdomoni.

Hapo ndipo lugha inapoingia, na ndipo wengi huanguka. PV huandikwa kwa Kifaransa, lakini mama kutoka kijijini anasema Mashi, Kinande ao Kiswahili. Kwa haya, hasemi "nilibakwa". Anasema "alinishika kwa nguvu". Afisa wa polisi ya upelelezi, yule anayeitwa OPJ, akiandika tu kwamba mwanaume alimkamata, ubakaji umegeuka ugomvi wa barabarani. Swali moja la utaratibu lingetosha: alikushika namna gani, kisha alifanya nini?

Lugha ni deni pia kwa mshukiwa. Kifungu cha 18 cha Katiba kinaomba aliyekamatwa aelezwe mara moja sababu, katika lugha anayoielewa, na asibaki kashoni mwa polisi zaidi ya saa 48. OPJ asiyejua kuhesabu saa hizo, ao anayeandika saa ya uongo, anampa wakili wa upande wa pili sababu ya kuiangusha kesi ambayo huenda ilikuwa na haki.

Halafu kuna mbuzi. Familia mbili zinakaa, zinapatana, na OPJ ambaye mshahara wake ni mdogo anaombwa afunge faili. Sheria ya mwaka 2006 juu ya ubakaji iko wazi: kesi ya namna hiyo haimalizwi kwa faini ya mapatano. Inaomba pia uchunguzi wa awali usipite mwezi mmoja, na hukumu itolewe kwa miezi 3. Kukataa bahasha mbele ya chifu, pasta na mjomba wa mshukiwa hakufundishwi darasani, lakini kazi yote inasimama juu yake.

Anayetaka kuwa hakimu ao mwendesha mashtaka anahitaji diploma ya sheria, kisha mashindano ya Baraza Kuu la Mahakimu. Ila si lazima angoje mashindano ili aanze kujifunza. Vikao vya mahakama ni vya wazi kwa wote, isipokuwa jaji akiamuru milango ifungwe. Mwanafunzi mwenye daftari anaweza kukaa kwenye benchi la nyuma, asikilize namna PV mbaya inavyochanwa vipande na wakili hodari, na kuingia ni bure.