Je, Wajua? Ndege na Matunda ya Kauri ya China Hubeba Dua

Je, wajua kwamba pichi kwenye kauri ya kale ya China hazikuchorwa kwa ajili ya urembo tu? Zilimtakia mwenye chombo maisha marefu. Katika hadithi za Wachina, pichi za Malkia Mama wa Magharibi humpa anayezila umri usiokwisha, na mafundi wa mji wa Jingdezhen walizichora hata kwenye vyombo vya kasri la mfalme.

Komamanga lililopasuka likaonyesha punje zake ni dua ya watoto wengi. Korongo naye ni umri mrefu. Bata wa mandarini, wanaoogelea wawili wawili kati ya mayungiyungi, ni ndoa yenye uaminifu. La kushangaza zaidi, hasa kwa wakazi wa Dar es Salaam waliochoshwa na kunguru, ni kwamba ndege mmoja wa jamii hiyo, mweusi na mweupe, huko China ndiye mleta habari njema.

Mfano maarufu ni chombo cha maua cha enzi ya Yongzheng (1723–1735), chenye pichi nane na popo wawili. Popo si ndege, lakini kwa Wachina ni alama ya heri. Chombo hicho kiliwahi kugeuzwa kitako cha taa katika nyumba moja ya Marekani! Mwaka 2002 kilipigwa mnada Hong Kong kwa dola milioni 41.5 za huko. Leo kimehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Shanghai.