Vijiko vya Fedha ya Sarafu: Lipia Uzito Kwanza, Jina Baadaye

Kwa dola 100 unaweza kupata fedha halisi ya Marekani iliyofuliwa kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861. Zitakutosha kwa vijiko vichache vya chai, birika usiliwazie. Ila bei ya kwenye kibandiko si pesa itakayotoka mfukoni mwako, na hapo ndipo wanunuzi wapya wanapoumia.

Nchi ile haikuwa na machimbo makubwa ya fedha mpaka mgodi wa Comstock ulipogunduliwa Nevada mwaka 1859. Kwa hiyo masonara waliyeyusha vyombo vikuukuu na sarafu, nyingi zikiwa dola za Kihispania, ambazo zilikubalika kisheria huko mpaka 1857. Ndiyo maana ikaitwa fedha ya sarafu. Tangu 1837 sarafu ya Marekani ilikuwa na fedha sehemu 900 katika 1,000. Kabla ya hapo ilikuwa kama 892. Sterling, iliyokuja kushika soko baadaye, ni 925. Gorham, kiwanda kikubwa cha Rhode Island, kilihamia sterling mwaka 1868, na fedha ya sarafu ikaanza kutoweka madukani.

Tofauti ya 900 na 925 haionekani kwa macho, na kwa kijiko kimoja cha chai ni senti kadhaa tu. Muuzaji asikupandishie bei kwa hoja hiyo.

Kinachofaa kukupa mashaka ni kwamba serikali haikupima ubora wa vyombo hivi. Baltimore peke yake ndiyo iliyokuwa na ofisi ya kupima, kati ya 1814 na 1830. Kwingineko sonara aligonga jina lake na mteja akamwamini. Nyuma ya mpini utakuta jina hilo, na pengine neno COIN, PURE COIN, DOLLAR au STANDARD. Wengine waligonga simba na kichwa cha mtu kuiga mihuri ya Uingereza. Tena jina linaweza kuwa la mwenye duka tu, aliyenunua vijiko kwa jumla akavipiga chapa yake. Usilipie jina hilo kana kwamba ndiye aliyefua.

Sasa tulinganishe. Kijiko cha chai cha fedha ya sarafu ni chembamba, mara nyingi gramu 12 hadi 20. Kinakoroga chai vizuri kwa miaka, lakini ukikichomeka kwenye aiskrimu iliyoganda kitapinda. Cha sterling cha kiwandani, cha miaka ya 1900, ni kizito zaidi na ni rahisi kupata mwenzake kikipotea. Cha kuchovya fedha ni rahisi kuliko vyote, kinavumilia mikiki, ila ngozi yake hukwanguka pale kinapogusa meza, na fundi wa kukichovya upya atakudai zaidi ya thamani yake. Ukitaka vijiko vya kila siku kwa watoto, nunua vya chuma kisichoshika kutu, na pesa ya fedha iweke kando.

Angalia pia usiuziwe cha kuchovya kwa bei ya fedha. Herufi EPNS, A1 au neno QUADRUPLE ni dalili za kuchovya. Maandishi 1847 ROGERS BROS. ni chapa ya biashara ya vyombo vya kuchovya. 1847 si mwaka kijiko hicho kilipotengenezwa. Na kinachoitwa GERMAN SILVER ni shaba, nikeli na zinki, bila fedha hata chembe. Sumaku haitakusaidia hapo, kwa kuwa mchanganyiko huo nao haunaswi.

Nenda na mizani ndogo ya jikoni, na upime kwa gramu. Aunsi ya wauza fedha ni gramu 31.1, ya mizani ya jikoni ni 28.35. Mtu akikupimia kwa aunsi ya jikoni na kukutoza kwa bei ya aunsi ya fedha, amekula karibu sehemu moja ya kumi ya pesa yako.

Tufanye hesabu. Vijiko sita vina gramu 90 kwa jumla. Zidisha kwa 0.9, unapata gramu 81 za fedha safi. Tuseme asubuhi hiyo fedha ni dola moja kwa gramu: chuma chenyewe ni dola 81. Mnadani nyundo inagongwa kwa 100. Unaona si mbaya. Subiri: nyumba ya mnada inaongeza ada ya mnunuzi, tuseme asilimia 25, sasa ni 125. Kodi ya mauzo ya asilimia 8 inaongeza 10. Posta na bima, 12. Umelipa 147, yaani dola 24 na nusu kwa kijiko, wakati ulidhani ni chini ya 17. Ukivipeleka kesho kwa mnunuzi wa fedha ya kuyeyusha, hata 81 hakupi, maana wengi hupunguza zaidi wakiona COIN kwa kuwa hawana uhakika wa ubora.

Kwa hiyo anza na mauzo ya vitu vya nyumba ya marehemu. Hakuna ada ya mnunuzi, unashika kitu mkononi, na siku ya mwisho bei mara nyingi hushushwa. Hata bora zaidi, ulizia kwa wauza sarafu za zamani. Wengi wana sanduku la vijiko vinavyosubiri kuyeyushwa, na hukuuzia kwa nyongeza ndogo juu ya bei ya chuma. Januari 1980, fedha ilipokaribia dola 50 kwa aunsi, vyombo vingi vya kale viliishia kwenye tanuri. Ukivitoa kwenye sanduku hilo unaokoa kazi ya mkono wa mtu, na hilo kwangu lina uzito wake.

Ukituma Dar es Salaam au Mombasa, hesabu ushuru wa forodha, kisha VAT, asilimia 18 Tanzania bara na 16 Kenya, na inapigwa juu ya jumla inayobeba nauli na bima pia. Vijiko vyepesi havistahili safari hiyo peke yake.

Kagua hali kabla ya kutoa pesa. Pitisha kidole kwenye ncha ya kijiko. Ikiwa imelika upande mmoja, punguza bei. Tazama shingo, ndipo panapopasuka. Lehemu ya kijivu ni ya risasi, achana nacho. Herufi za majina ya wenyewe wa zamani hushusha bei, na kwako wewe mtumiaji hazina kasoro, zikimbilie. Zilizofutwa ndizo mbaya: pumulia mpini, mvuke utaonyesha kivuli cha herufi, na hapo chuma kimebaki chembamba.

Majina makubwa yaache. Paul Revere, sonara wa Boston, ameghushiwa sana. Kazi za masonara wa kusini, kama Charleston na New Orleans, huuzwa mara nyingi zaidi ya uzito wake kwa sababu ni adimu. Kijiko kile kile kutoka New York au Massachusetts kinakoroga chai sawasawa.

Ukiwa na dola 60 wiki hii, chukua vijiko vitatu vya mpini wa umbo la fidla, ndivyo vilivyozagaa, wala usihangaike na seti kamili. Vya masonara tofauti hukaa pamoja vizuri mezani. Ukiwa na 150, ongeza kijiko kimoja kikubwa cha kupakulia, gramu 40 hadi 60, kwa sababu hicho kina nyama ya kutosha kuhimili kazi. Uma ni adimu na ghali, vikombe hubonyea, na upawa usubiri mpaka ukutane nao kwenye sanduku la kuyeyushwa.